Barua ya wazi kwa wanaosimamia mawasiliano na fedha za simu: kompyuta ya bure ilipita kwenye kibanda changu

Kwa:
Wakuu wa mamlaka zinazosimamia mawasiliano, ulinzi wa taarifa binafsi na michezo ya kubahatisha Tanzania;
Wakuu wa kampuni za simu;
Wakuu wa upelelezi wa makosa ya mtandao.

YAH: LINKI ZA "ZAWADI ZA BURE" ZA SIMU NA KOMPYUTA, NA NJIA YA FEDHA INAYOZIBEBA

Waheshimiwa,

Salaam.

Mimi ni wakala wa huduma za fedha kwa simu hapa Morogoro mjini. Kibanda changu kipo njia ya kwenda stendi ya Msamvu na huu ni mwaka wangu wa tisa ndani yake. Naandika hadharani kwa sababu nimekwisha kuandika faraghani mara tatu. Nimepiga huduma kwa wateja hadi nikazoea muziki wao wa kusubirishia. Nimekaa kwenye benchi la kituo cha polisi asubuhi mbili. Nilichoambulia ni namba ya malalamiko. Namba ninayo, majibu sina. Sitataja ofisi wala kampuni yoyote kati ya hizo, kwa sababu mawakala wenzangu wa mitandao mingine wanasimulia yaleyale, na sipendi barua hii isomwe kama ugomvi wangu na mtu mmoja.

Naomba nianze na kilichotokea.

Mwaka jana, wiki ambazo vijana walikuwa wanajiandaa kwenda vyuoni, alikuja mama mmoja anayeuza vitumbua kona ya pili kutoka kwangu. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, ndoo yake imeshakuwa tupu. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa elfu kumi na mbili na kipande cha karatasi ya daftari chenye namba ya simu. "Nitumie hii, mwanangu, upesi." Nilipoingiza namba likatokea jina la mwanamke, majina mawili ya kawaida kabisa. Nikamuuliza anamfahamu. Akasema ni mtu wa usafirishaji, kijana wake amepata kompyuta.

Akanionyesha simu. Juu ya ukurasa palikuwa na nembo ya kampuni ambayo kila Mtanzania anaijua. Chini yake neno HONGERA, picha ya kompyuta mpakato, na maelezo kwamba alipe gharama ya usafirishaji Sh 12,000 kabla muda haujaisha. Saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma, imebaki dakika arobaini na kitu.

Nikamwambia, mama, mimi hii naiona utapeli. Akanijibu kwa maneno ambayo ndiyo yamenifanya niandike barua hii: "Utapeli wa nani, mwanangu? Kanitumia dada yangu wa kikoba."

Nikatuma. Foleni ilikuwa nyuma yake, pesa ni yake, na mimi si mzazi wake. Muamala ukakamilika na kamisheni yangu ikaingia. Jioni akarudi na Sh 18,500, safari hii ni "ushuru wa forodha". Nikakataa. Akaenda kibanda kingine akatuma. Siku ya tatu ile namba haipatikani. Sh 30,500 kwa mtu anayenunua unga, mafuta na mkaa kila asubuhi kwa pesa ya jana yake ni mtaji mzima. Alikaa siku nne bila kupika.

Aliporudi kwangu sikusikia akidai pesa. Aliniuliza, "Na wale niliowatumia?" Maana ili afikishwe kwenye HONGERA alitakiwa kwanza atume linki kwa watu 20 au makundi 5. Alituma kwenye kikoba, kwenye kwaya, kwenye kundi la ukoo, na kwenye kundi la wazazi wa shule ya mdogo wake yule kijana. Huyu ni mama ambaye ukimzidishia shilingi mia ya chenji anakuita urudi. Sasa alikuwa anasimama mbele yangu kama mtu aliyewaibia watu mia mbili.

Niliomba nione linki yenyewe, nikaifungua kwa simu yangu ya zamani isiyo na laini. Nawaeleza nilichokiona kwa sababu kila nilipopiga simu kulalamika nilianza kwa kueleza upya linki hizi zinafanyaje kazi.

Kwanza kuna maswali manne: unaifahamu kampuni hii, una umri gani, ni mwanamume au mwanamke, unaionaje huduma yao. Jibu lolote linapita. Halafu vinakuja visanduku tisa na nafasi tatu za kuchagua. Nilichagua cha kwanza, kitupu. Cha pili, kompyuta. Nikafunga, nikafungua upya, nikachagua vingine. Cha kwanza kitupu, cha pili kompyuta. Nilifanya hivyo mara nne kwa visanduku tofauti na matokeo hayakubadilika. Baada ya hapo ndipo unaambiwa uwatumie wenzako, na kuna mstari wa kijani unaojaa kadiri unavyotuma. Nikazima intaneti kabisa. Nikabonyeza kitufe, WhatsApp ikafunguka, nikarudi bila kutuma kwa mtu yeyote. Mstari ukasogea. Nikaendelea hivyohivyo hadi ukajaa. Mstari ule haujui kama umetuma kwa watu 20 au hukutuma kwa hata mmoja. Umewekwa ili utume, basi.

Chini kabisa kuna maoni ya watu wanaoshukuru: "Nimepokea yangu leo, Mungu awabariki", dakika 4 zilizopita. Nilifungua tena baada ya siku tatu. Bado ni dakika 4 zilizopita. Ndugu yangu aliyeko Mombasa aliifungua linki hiyohiyo akakuta nembo ya kampuni ya kwao na bei kwa shilingi za Kenya.

Mstari ukishajaa njia zinaachana. Wengine wanaombwa ada ya usafirishaji, kama yule mama. Wengine wanaandika namba yao ya simu "kuthibitisha ushindi", na kumbe wamejiungisha na huduma inayokata salio kila siku. Wengine wanaambiwa wabonyeze "Ruhusu" au wapakue programu, na tangu siku hiyo simu haitulii kwa matangazo ya mikopo na kamari. Na hata anayeishia njiani, kila ukurasa aliofungua una matangazo ambayo mtu fulani analipwa kwa kutazamwa.

Sasa malalamiko yangu.

1. Onyo mnalotoa halimgusi mtu huyu.

Mmetufundisha kwa miaka kwamba tusimwamini tusiyemjua na tusitoe namba ya siri. Mafunzo hayo yamesaidia. Meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" siku hizi hata bibi kijijini anaifuta, kwa sababu imetoka kwa mgeni. Lakini linki ya kompyuta ya bure haitoki kwa mgeni. Inaletwa na shemeji, na mama mchungaji, na mwalimu wa mtoto wako, na anayeleta anaamini kwa moyo mmoja kwamba anakufanyia hisani. Haiulizi namba ya siri hata mara moja. Mtu akifuata mafunzo yenu yote, neno kwa neno, bado ataibiwa. Ndiyo maana nasema kazi ya kuzuia haiwezi kubaki kwa mama wa vitumbua. Inabidi ifanyike pale ambapo yeye hafiki, pesa inakopita, na huko ni kwenu.

2. Laini inayopokea ada ina mwenyewe.

Wote tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole. Baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa, na tulikubali usumbufu ule kwa sababu tuliambiwa matapeli watakosa pa kujificha. Jina lilitokea kwenye skrini yangu. Lina kitambulisho cha taifa nyuma yake na lina kidole. Nilipolipeleka nikajibiwa kwamba huenda mwenye jina hana habari, laini ilisajiliwa kwa kidole chake bila yeye kujua.

Inawezekana, na sisi wa kazi hii tunajua inavyofanyika. Msajili wa barabarani anakwambia "weka tena, haijasoma", unaweka mara ya pili na ya tatu, na kwa kidole chako zinatoka laini mbili. Lakini hapo mna mtu wa pili wa kumuuliza, msajili, na kila usajili unabaki na kumbukumbu ya nani aliufanya na lini. Mwananchi anaweza kupiga *106# akaona laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Ninyi mnaona zaidi ya hapo. Mnaona laini iliyopokea Sh 12,000 kutoka kwa watu thelathini wasiofahamiana ndani ya siku moja na zikatolewa zote kabla jua halijazama. Mimi kwenye kibanda changu nikiona mteja wa namna hiyo nashtuka.

3. Salio linaliwa na mtu haoni alipokubali.

Hili ndilo linaloniletea watu wengi zaidi, na ndilo dogo kwa kila mmoja wao, ndiyo maana halisikiki. Mtu anakuja kununua vocha ya 1,000, anaingiza, anaangalia salio, 850. Anadhani nimemuuzia vocha mbovu. Tukikagua meseji tunakuta "Umejiunga na huduma…" ya jina ambalo hajawahi kulisikia, Sh 150 kwa siku. Alikubali lini? Alipoandika namba yake kwenye ukurasa wa zawadi. Kujitoa ni kazi ya kutuma neno fulani kwenda namba fulani, na ukikosea herufi hujatoka.

Waheshimiwa wa kampuni za simu, hapa sitazungumzia matapeli wa mbali. Salio hilo linakatwa kwenye mitambo yenu, kwa mkataba kati yenu na mwenye huduma, na sehemu yake inabaki kwenu. Mnaniagiza mimi nihakikishe kitambulisho cha mteja kabla sijampa elfu tano yake mwenyewe. Kwa nini mtu wa tatu akate salio la mteja huyohuyo kwa sababu tu namba yake imeandikwa mahali kwenye intaneti?

4. Tunazungushwa.

Huduma kwa wateja walisema muamala uliokamilika haurudishwi bila ridhaa ya aliyepokea, niende polisi. Polisi walifungua jalada, nikapewa RB, yaani namba ya jalada, nikaambiwa nilete taarifa ya muamala kutoka kwenye kampuni. Kampuni ikasema taarifa hiyo inatolewa kwa barua ya polisi. Polisi wakasema barua inasainiwa na mkuu ambaye hayupo. Nilienda na kurudi kwa wiki mbili, na nauli ilinikaribia nusu ya alichoibiwa yule mama. Yeye mwenyewe aliacha baada ya safari ya pili, akasema afadhali akapike. Sidhani kwamba kuna aliyekusudia kumtesa. Kila niliyekutana naye alikuwa na utaratibu wake na aliufuata. Lakini taratibu zenu zikiwekwa pamoja zinatoa jibu moja, kwamba mtu aliyeibiwa Sh 30,500 asahau.

5. Mipango ya "leta watu watano" mnaiangalia ikikua.

Kando ya linki za WhatsApp kuna zile zinazojiita fursa: jiunge kwa elfu kumi, leta watu watano, nao walete watano watano, upate simu janja. Watetezi wake husema tatizo ni wale wasio waaminifu tu. Nimepiga hesabu kwa mpango ulio mwaminifu kabisa. Mtu mmoja analeta 5, hao wanaleta 25, hao 125, kisha 625, 3,125, 15,625, 78,125, 390,625, 1,953,125, 9,765,625, na hatua ya kumi na moja 48,828,125. Jumlisha wote na yule wa kwanza: 61,035,156. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Yaani hatua kumi na moja zinamaliza nchi, na vichanga wamo, na wale milioni 48 wa mwisho hawana mtu wa kumleta. Katika kila watu 100 waliolipa, 80 hawana simu, hata kama mwenye mpango ni malaika.

Tulishayaona haya. DECI, ule mpango wa kupanda na kuvuna pesa, ilikuwa na ofisi na vibao, watu "wakapanda mbegu" wakingoja "kuvuna", hadi Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na kesi ikaenda mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Angalau DECI ilikuwa na mlango wa kugonga. Na naomba niseme neno moja nje ya mstari: linaniuma kwamba sheria inauita mchezo huu upatu. Upatu wa mama zetu ni watu kumi wanaojuana, kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea kwa zamu yake, na wa mwisho anapata sawasawa na wa kwanza.

6. Taarifa za watu zinachukuliwa kwa wingi.

Jina, namba, umri, jinsia, mkoa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tunayo Tume yake. Naomba tuione ikifanya kazi hapa.

7. Kampuni zinazotumiwa majina zinanyamaza.

Pengine zinaweka kikanusho kimoja kwenye ukurasa wao, kwa Kiingereza, kikasomwa na watu ambao hawakuwa wanadanganyika. Na kampuni hizohizo zina promosheni za kweli: tuma neno ushinde pikipiki, nunua soda ushinde runinga. Bahati nasibu za kutangaza biashara zinaombewa kibali Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa hiyo ya kweli inajulikana. Ila mama wa vitumbua hana mahali pa kuangalia ipi ni ipi, na mnapomtumia meseji tatu kwa siku za kumwambia "umebakiza hatua moja ushinde", mnamzoesha lugha ileile ambayo tapeli atakuja nayo kesho.

Najua mtakavyonijibu, kwa kuwa nimeshajibiwa.

Mtasema wananchi wawe makini, hakuna cha bure. Lakini bure ipo na tunaishi nayo. Chandarua tulipewa bure, chanjo za watoto bure, kitambulisho cha taifa tulichukua bure, na kampuni zenu zinatupa bando la bure siku ya kuzaliwa. Mtu aliyeamini kwamba kampuni kubwa inaweza kumpa kompyuta mtoto anayekwenda chuo hakuwa mjinga. Aliamini jambo jema ambalo linaweza kutokea.

Mtasema kiasi ni kidogo. Kwa nani?

Mtasema kurasa hizo zimehifadhiwa nje ya nchi na ujumbe wa WhatsApp hamuusomi. Ni kweli, na sitaki muusome. Nawaomba muangalie wenzenu walivyofanya, maana mchezo huu haukuzaliwa kwetu. Mwaka 2004 kampuni ya Marekani iitwayo Gratis Internet ilifungua tovuti ya FreeiPods.com. Ulijiandikisha, ukakamilisha ofa moja ya mtangazaji, ukaleta watu watano nao wakamilishe, ukapewa iPod, kifaa cha kusikilizia muziki. Wapo waliopata kweli, na hao ndio waliovuta wengine. Machi 2006 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, Eliot Spitzer, aliishtaki kwa madai ya kuuza taarifa za mamilioni ya watu iliowaahidi kwamba haitaziuza. Mwezi huohuo Datran Media, iliyonunua taarifa hizo, ilikubali kulipa dola milioni 1.1. Kisha tume yao ya biashara, FTC, ikaenda kwa waliokuwa wakitangaza zawadi za bure za kompyuta na vifaa vingine huku masharti yakifichwa. Adteractive ilikubali kulipa dola 650,000 mwishoni mwa 2007, Member Source Media dola 200,000 Januari 2008, ValueClick dola milioni 2.9 Machi mwaka huohuo, na ikatakiwa iseme wazi pale mtu anapotakiwa kutumia pesa ili apate hiyo "bure". Mwaka 2013 FTC ikafungua kesi nane dhidi ya watu waliohusishwa na meseji zaidi ya milioni 180 za kadi za zawadi za bure, zile za kununulia bidhaa dukani.

Hawakusoma meseji ya mtu. Hawakumkamata shangazi aliyesambaza. Walitafuta nani ananunua taarifa na nani anamlipa mwenye ukurasa, wakamshika huyo. Kwetu kazi hiyo ni nyepesi zaidi, kwa sababu hapa ada hailipwi kwa kadi ya benki ya nchi ya mbali. Inalipwa kwa laini ya Tanzania, kupitia kibanda cha Tanzania, na salio linakatwa na kampuni yenye leseni ya Tanzania.

Ninachoomba ni hiki.

Kwa kampuni za simu: huduma yoyote ya kulipia isianze kukata salio mpaka mteja ajibu swali linalotokea kwenye simu yake mwenyewe, kwa Kiswahili, likitaja bei kwa siku na kwa mwezi. Na waliokwisha kukatwa bila kuulizwa hivyo warudishiwe, bila kusubiri kila mmoja aje kulalamika.

Kwa kampuni hizohizo pamoja na mnaozisimamia: wakala akiripoti muamala wa utapeli ndani ya saa 24, kiasi kilichobaki kwenye laini iliyopokea kizuiwe kwa muda huku suala likichunguzwa. Nipeni kitufe hicho hata kwa sharti kwamba nikikitumia vibaya nanyang'anywa uwakala. Nitasaini. Siku ile ningekuwa nacho, ile Sh 18,500 isingetoka.

Kwa mamlaka ya mawasiliano: namba 15040 ya kuripoti matapeli ni kitu kizuri na nawaelekeza wateja wangu waitumie. Lakini imejengwa juu ya namba ya simu ya tapeli, na linki haina namba. Naomba ipokee na linki, na linki zikishathibitishwa zifungwe kwenye mitandao yote ya nchi siku hiyohiyo. Siku moja kwa linki ya namna hii ni makundi mengi sana.

Kwa polisi na kampuni, kwa pamoja: mlango mmoja. Mtu aende mahali pamoja na meseji ya muamala, na karatasi zinazotakiwa kati yenu mtumiane wenyewe.

Kwa wanaotoa vibali vya bahati nasibu: orodha ya promosheni zote halali, ipatikane kwa kupiga namba ya nyota kwa simu ya kitochi, bila bando. Nitaichapisha kila Jumatatu niibandike kwenye dirisha la kibanda, na najua mawakala wengine watafanya hivyo.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Kama mtapenda kutusikia, mawakala wa hapa Morogoro tunaweza kukusanyika siku yoyote mtakayoitaja, na tutakuja na daftari zetu, maana wengi tunaandika.

Yule mama amerudi kupika. Alienda kwenye kikoba akasimama akawaambia, akaenda kwaya akawaambia. Kundi la wazazi wa shule hakuweza kwa mdomo, aliniomba nimwandikie. Wanne walikuwa wameshalipa ada ya usafirishaji. Namba waliyolipia haikuwa ile aliyolipia yeye, na zote mbili ninazo, pamoja na majina yaliyotokea, tarehe na saa.

Nimeziandika kwenye barua zangu tatu mlizokwisha kupokea. Namba yangu ya simu ipo chini ya kila moja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wakala wa huduma za fedha kwa simu,
Morogoro.